Somo: Kumwagilia Mboga kwa Kipimo Katika Shamba Dogo la Nairobi

Wakulima wengi wa mboga wa pembezoni mwa Nairobi, kuanzia Ruai hadi Karen, hununua mipira ya matone, yaani mipira yenye matundu madogo yanayodondosha maji polepole karibu na mimea, wakitarajia kwamba mipira hiyo peke yake itapunguza matumizi ya maji. Haipunguzi. Mkulima anayefungua koki bila kujua mimea inahitaji kiasi gani ataendelea kupoteza maji kama alivyoyapoteza kwa ndoo, ila sasa hayaoni yakipotea, kwa sababu yanazama chini ya mizizi.

Hatua ya kwanza: kadiria mahitaji. Katika jua kali la Januari na Februari, sukuma wiki iliyokomaa hutumia takribani lita 4 hadi 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Katika baridi na mawingu ya Julai kiasi hicho hushuka hadi karibu lita 3, na miche iliyotoka kupandikizwa huhitaji chini ya nusu yake. Kwa hiyo shamba la mita 10 kwa 10 huhitaji hadi lita 500 kwa siku wakati wa kiangazi, na tangi la lita 1,000 hulitosha kwa siku mbili.

Hatua ya pili: pima kile ambacho mipira yako inatoa. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ya lazima kuliko zote. Fukua kidogo chini ya tundu moja, tega kikopo, na uache maji yadondoke kwa dakika 6. Ukipata mililita 100, tundu hilo linatoa lita 1 kwa saa. Rudia kwenye tundu la mwanzo, la katikati na la mwisho wa mpira. Iwapo la mwisho linatoa kidogo mno kuliko la kwanza, basi chujio limejaa uchafu, mpira ni mrefu kupita kiasi, au tangi liko chini na linahitaji kuinuliwa kwenye jukwaa. Matundu yakiwa kila sentimita 30, mpira wa mita 10 una matundu kama 33, na mipira 16 katika shamba lile la mita 10 kwa 10, kwa lita 1 kwa kila tundu, itatoa takribani lita 530 kwa saa. Sasa unajua kwamba saa moja inatosha, na ukiiacha wazi kwa saa tatu umeyatupa maji ya siku mbili.

Hatua ya tatu: uulize udongo kabla ya kufungua koki. Chimba kina cha kiganja, chukua konzi ya udongo uufinye. Ukishikamana na kubaki donge, ahirisha hadi kesho, ukimomonyoka, mwagilia.

Hatua ya nne ni matandazo. Nyasi kavu zisizo na mbegu, zenye unene wa vidole vinne, huzuia jua kunyonya unyevu wa juu. Mwagilia alfajiri au jioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, udongo wangu ni mweusi na umepasuka nyufa. Maji yanatokomea humo. Nifanyeje?

Jibu: Usiungoje upasuke. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji mengi lakini huyapokea polepole, hivyo mwagilia mapema, kwa mtiririko mdogo, na upishe siku zaidi kuliko mwenye udongo mwekundu. Nyufa zilizopo zijaze kwa jembe na samadi kwanza.

Swali: Je, naweza kuvuta maji ya Mto Nairobi kwa mipira hii, maadamu hayagusi majani?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ni kweli kwamba matone hupunguza vijidudu kwenye majani, lakini mto huo hubeba majitaka na kemikali za viwandani, na metali nzito huingia kupitia mizizi. Mboga hizo zitaliwa na watoto.

Swali: Nimepunguza matumizi kwa kiasi kikubwa. Niongeze robo eka kwa maji niliyookoa?

Jibu: Hapa naomba tutafakari kwa makini. Maji yaliyozama shambani mwako hayakupotea yote. Baadhi yalirudi ardhini na kulisha visima vya chini. Ukiyatumia kupanua shamba, mavuno yako yataongezeka, lakini kisima kitavutwa vilevile na kitarudishiwa kidogo zaidi. Anayetegemea kisima cha kuchimbwa na apime kina cha maji kila mwezi, akiandika daftarini. Kikizidi kushuka mwaka hadi mwaka, asipanue. Tena, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kisima cha namna hiyo kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kibali hutaja kiasi unachoruhusiwa kuvuta. Kisome kabla ya kununua mpira mwingine.