Kumpiga picha bulwe Mabamba: hatua kwa hatua ukiwa ndani ya mtumbwi

Vitabuni jina la ndege huyu ni korongo-nyangumi, lakini ukifika Mabamba ukamuulizia kwa jina hilo watu watakutazama tu. Waganda humwita bulwe, nami nitamwita hivyo. Ni ndege wa kijivu mwenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, mita 1.1 hadi 1.4, na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Anapatikana Afrika tu, kuanzia Sudan Kusini hadi Zambia, na wote kwa jumla wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu. Kinamasi cha Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa magharibi wa Entebbe, kiliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kwa mtu wa Kampala ndiko karibu zaidi kwa kumtafuta.

Wengi hurudi na picha ya ndege aliyesimama mbali, ametetemeka, au mgongo wake akiruka kwenda zake. Hatua hizi ndizo ninazofuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Liwahi jua

Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, halafu hupanda wima. Mwanga mzuri haukai. Ikifika saa 3, kivuli cha paji la uso kimeshamfunika bulwe jicho. Baada ya saa 4 hewa juu ya maji huanza kucheza kwa joto, na ndege aliye mbali hatoki safi hata ukiwa na lenzi ya bei gani. Kwa hiyo saa 1 uwe umekaa mtumbwini. Ukilala Entebbe, kuna boti za kuvuka kutoka Nakiwogo kwenda Buwaya, kisha unamalizia kwa bodaboda. Ukitoka Kampala kwa gari, shika barabara ya Masaka, kata Mpigi uelekee Kasanje, na uondoke alfajiri kabla foleni haijaanza.

Hatua ya 2: Beba vichache

Lenzi ifike walau milimita 400. Zuumu ya 100-400 au 150-600 inafaa kuliko lenzi ndefu isiyobadilika, maana wakati mwingine bulwe hutokea karibu kuliko ulivyotarajia. Traipodi iache nyumbani. Miguu yake itabeba kila mtikisiko wa mtumbwi na kuupeleka kwenye kamera. Chukua mfuko wa kitambaa, utie kilo moja au mbili za maharage, uushone. Ukiulaza juu ya ukingo wa mtumbwi na lenzi ukailaza juu yake, inatulia kabisa. Ongeza kitambaa kikavu, mfuko usiopitisha maji na betri ya pili. Nguo ziwe za rangi iliyopoa. Jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie.

Hatua ya 3: Patana na mwenye mtumbwi mkiwa bado nchi kavu

Hatua hii ndiyo inayoamua picha, kuliko kamera.

Mara yangu ya kwanza nilimhimiza mwenye mtumbwi: sogea, sogea, bado kidogo. Tulikuwa tumebakisha kama mita kumi na tano. Bulwe aliinua kichwa, akanyoosha shingo, akaondoka. Nilipata picha tatu za mgongo. Nyuma yetu kulikuwa na mtumbwi wenye mama mmoja na binti zake wawili waliokuwa ndiyo kwanza wanafika, nao hawakuona kitu. Na yule ndege alikuwa amesimama pale tangu alfajiri akisubiri mlo wake. Niliona haya sana, na tangu siku ile makubaliano huwa ya kwanza.

Siku hizi nasema wazi kabla hatujasukuma: "Ssebo (bwana), leo hatumsogelei sana. Akiinua kichwa, tunasimama hapohapo. Injini tuizime mbali, tuingie kwa pondo." Akijibu "Kale, ssebo," yaani sawa bwana, basi tumeelewana. Waendesha mitumbwi wengi husogea sana kwa kudhani mgeni asipomwona ndege kwa karibu hatafurahi. Mwondolee wasiwasi huo mapema. Mwambie bahshishi yake haitegemei umbali.

Msikilize pia. Wengi wao wametoka katika familia za wavuvi, na zamani wavuvi wa hapa walimwona bulwe kuwa nuksi: ukikutana naye asubuhi, samaki hupati. Wapo waliomuua kwa sababu hiyo. Leo bulwe huyohuyo ndiye anayelipa karo ya watoto, na macho yaliyokuwa yakimtafuta ili wamfukuze ndiyo yanayokuonyesha alipo. Ukisikia mtu mtumbwini akitaja "mmamba", usishtuke ukavuta mkono ndani. Kwa Kiganda mmamba si mamba wetu wa Kiswahili, ni kamongo, yule samaki mwenye mapafu. Ndiye chakula anachokipenda bulwe, kwa hiyo hiyo ni habari njema.

Hatua ya 4: Tayarisha kamera kabla ya kumwona

Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi. Ndege hatembei, lakini wewe unayumba. Tundu la lenzi liwe kati ya f/5.6 na f/8, kwa sababu mdomo wa bulwe hupita sentimita 20, na ukifungua sana utapata jicho kali na ncha ya mdomo yenye ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, mwisho 3200. Fokasi iwe ya kufuatilia, na kisanduku chake kiwe kidogo ili kisinase majani ya mafunjo yaliyo mbele.

Mwangaza unataka akili kidogo. Mafunjo nyuma yake ni ya kijani iliyokolea, na kamera ikiona giza hilo huongeza mwanga, kijivu cha ndege kikageuka chokaa na mdomo uliolowa ukaungua. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya "stop" (-0.7 kwenye kipimo cha kamera). Akiwa mbele ya maji yanayong'aa au ukungu wa asubuhi, fanya kinyume chake. Piga kwa faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake. Flashi usiiguse.

Hatua ya 5: Subiri, na umsome

Mkimwona, mtumbwi usimame mita 30 au zaidi. Piga mbili tatu za haraka ili mkono utulie, kisha weka kidole pembeni mwa kitufe utazame.

Bulwe huweza kusimama nusu saa bila kuhama. Wageni huchoka, wakafungua simu, na hapo ndipo jambo linapotokea. Jicho lake ni la manjano iliyofifia, na mara kwa mara utando mweupe hulipitia. Ukipiga wakati huo utapata ndege kipofu, hivyo piga nne tano mfululizo, si moja. Kamongo hulazimika kuja juu kuvuta hewa. Ukiona viputo au maji yakifunguka mbele ya miguu yake, jitayarishe. Utaona mdomo ukishuka hadi kugusa kifua, macho yote mawili yakitazama chini, mabawa yakiachana kidogo na mwili. Bonyeza sasa, usingoje. Anajiangusha mzimamzima, kichwa, kifua na mabawa, na ukingoja uone ndipo ubonyeze, umeshachelewa.

Usiache kupiga akiwa chini. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya sekunde chache baadaye: anajiinua kwa kusukuma mabawa, mdomo umejaa majani yanayochuruzika maji, na katikati ya majani mkia wa samaki unapiga. Hutikisa kichwa huku na huku mpaka majani yadondoke, kisha humeza. Una nafasi ya picha kumi hapo.

Akianza kukutazama wewe badala ya maji, mmekaribia mno. Rudini nyuma taratibu, bila maneno.

Hatua ya 6: Usisahau kinamasi

Badilisha lenzi, au toa simu. Kwa picha hii simu yatosha. Shusha mkono hadi karibu na maji, weka mayungiyungi mbele, mafunjo katikati na bulwe awe alama ndogo ya kijivu kwa mbali. Usivute zuumu ya simu, itakuharibia. Njiani mnaporudi utamwona mdiria juu ya unyasi. Mpige, lakini usimfuate mkaacha njia ya maji.

Hatua ya 7: Kabla ya kurusha mtandaoni

Punguza kidogo giza la vivuli upande wa jicho na uache kijivu kibaki kijivu. Wengi humfanya bulwe awe wa buluu. Kama umeona kiota, picha hiyo ibaki kwako. Bulwe hutaga yai moja hadi matatu na kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu, na wapo wanaowinda makinda kwa ajili ya kuwauza nje. Zima taarifa za mahali kwenye faili, na ukiulizwa ulimwona wapi, jibu "Mabamba" tu, bila kutaja mfereji gani. Nakala nzuri moja mtumie mwenye mtumbwi siku hiyohiyo, ili awe na kitu cha kumwonyesha mgeni wa kesho anapomwambia kwamba kutoka mbali hivi inatosha.