Kuchunguza kaboni monoksidi juu ya platini kwa mionzi ya infraredi

Mwanafunzi mmoja aliniletea spektra (grafu za mionzi iliyofyonzwa) zenye bonde na mlima karibu na 3,700 cm⁻¹ (kipimo cha nambari ya wimbi, yaani idadi ya mawimbi kwa kila sentimita), akiamini kwamba kaboni monoksidi imekula vikundi vya haidroksili (OH) vya alumina, oksidi ya alumini inayobeba platini. Haikuwa hivyo, na sababu yake imo katika hatua ya nne.

Hatua ya 1. Saga kichocheo, yaani platini iliyo juu ya alumina, kisha ukishindilie kwa mashine ya haidroli kiwe kisahani chembamba chenye miligramu 10 hadi 20 kwa kila sentimita ya mraba. Usikichanganye na bromidi ya potasiamu, kwa kuwa chumvi hiyo hunyonya unyevu na huweza kubadilisha uso unaouchunguza.

Hatua ya 2. Kiweke katika seli yenye madirisha ya kalsiamu floraidi. Hayapitishi mionzi iliyo chini ya takriban 1,100 cm⁻¹, lakini huko alumina yenyewe inakaribia kuziba njia, kwa hiyo hupotezi kitu cha maana.

Hatua ya 3. Kisafishe kwa oksijeni, kisha kwa haidrojeni, katika nyuzi 400 za Selsiasi, halafu uvute ombwe kikiwa bado cha moto.

Hatua ya 4. Kabla ya kuingiza gesi, piga spektra ya msingi (ile utakayoitoa katika zinazofuata) ya kisahani hichohicho, katika halijoto ileile utakayoingizia gesi. Kisahani kikipata joto, vilele vya haidroksili hufifia na kusogea kwenye nambari ndogo za wimbi. Basi ukitoa spektra ya nyuzi 30 katika ile ya nyuzi 150, bonde na mlima vitatokea hata bila gesi yoyote. Mwanafunzi yule alikuwa amefanya hivyo hasa. Utafiti ukipita halijoto tano, piga spektra tano za msingi, na kila mara subiri termokapo (kipimajoto cha nyaya) itulie, kwani kisahani huchelewa kufuata tanuri. Spektromita nayo ipitishiwe hewa kavu muda wote, maana mistari ya mvuke wa maji huangukia karibu na 1,850 cm⁻¹, mahali pa kaboni monoksidi iliyoshikwa na atomu mbili za platini.

Hatua ya 5. Washa kitambuzi cha gesi chumbani, kwa sababu kaboni monoksidi ni sumu isiyo na harufu, kisha uiingize kidogo kidogo. Kilele cha molekuli zilizosimama juu ya atomu moja hutokea karibu na 2,070 cm⁻¹, na husogea kwenye nambari kubwa za wimbi kadiri uso unavyojaa. Matawi mawili yanayozunguka 2,143 cm⁻¹ ni ya gesi iliyo huru: yaondoe kwa kutoa spektra ya seli tupu yenye shinikizo hilohilo. Ukiongeza oksijeni, fuatilia 2,349 cm⁻¹, ambako kaboni dioksidi itaanza kuonekana huku kile cha 2,070 kikipungua.