Nairobi hadi New York: ya kuangalia kabla hujafunga begi

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800 angani. Ndege ya moja kwa moja, safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kinacholeta tofauti ni upepo: huko juu huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, hivyo ukienda uko usoni mwa ndege, ukirudi uko mgongoni. Ukipitia Doha, Dubai au Amsterdam, jiandae kwa saa 20 na zaidi.

Pasi na viza zikague leo, si siku ya safari. Jina la tiketi lifanane na la pasi herufi kwa herufi. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Insulini usiiweke kwenye begi la chini, lile linalopakiwa tumboni mwa ndege, inaweza kuganda. Pawabenki nayo ni ya mkononi.

Sasa soma tarehe, na uisome mara mbili. Ndege nyingi za mbali huondoka Nairobi katikati ya usiku. Tuseme tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 00:15. Hiyo ni saa sita na robo, usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake uwe uwanjani tarehe 14, saa tatu usiku. Anayekosea huitumia tarehe 15 nzima kuaga ndugu, akafika kaunta usiku na mabegi yamefungwa kamba, kumbe ndege imeondoka saa 21 zilizopita. Hasara haiishii hapo. Asiyetokea bila kutoa taarifa, kwa kawaida mashirika humfutia sehemu zote za safari zilizobaki, hata tiketi ya kurudi. Kwa hiyo mwandikie dereva saa ya kukuchukua kwa maneno kamili: "Jumanne jioni, saa kumi na mbili, tarehe 14." Na 06:15 ya tiketi ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, wala si saa sita.

Saa za tiketi ni za mahali husika. Ukiona kuondoka 23:55 na kufika 06:55, usidhani ni safari ya saa 7. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo ni 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti huwa saa 7, kwani Wamarekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Mwambie anayekupokea.

Kama unaendelea hadi mji mwingine wa Marekani, kama Minneapolis au Columbus, uhamiaji unapita hapo hapo New York, unachukua mabegi, unapita forodha, kisha unayakabidhi upya. Acha saa 3 au zaidi katikati. Usinunue tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa kidogo: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako wala halitakusubiri.

Chakula chochote ulichobeba kitaje kwenye forodha. Nyama na matunda yaache nyumbani. Ndani ya ndege inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, damu isigande miguuni, hasa mjamzito na aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Kunywa maji. Anwani utakayofikia na namba ya mwenyeji ziandike kwenye karatasi, kwa sababu afisa wa uhamiaji ataziuliza, na baada ya saa 15 simu huenda imezima.