Kubuni impela isiyoliwa na kavitesheni

Hatua hizi nimeziandika baada ya kumsaidia fundi mwenzangu ambaye impela zake, yaani magurudumu yenye mapanga yanayosukuma maji ndani ya pampu, zilikuwa zikichimbika vishimo kama sifongo ndani ya miezi michache. Hiyo ndiyo kavitesheni: presha ikishuka mno maji hufanya viputo vya mvuke, navyo vikipasuka huchimba chuma.

1. Tafuta NPSH iliyopo, yaani presha inayobaki kwenye mlango wa pampu juu ya ile inayofanya maji yageuke mvuke, ikihesabiwa kwa mita za maji. Usawa wa bahari hewa inakupa kama mita 10.3 za maji. Toa presha ya mvuke, kina cha kufyonza na msuguano wa bomba. Usisahau joto: maji ya nyuzi 20 yanakula mita 0.24 tu, ya nyuzi 80 yanakula karibu mita 5.

2. NPSH ya kwenye katalogi, ile inayohitajika na pampu, usiichukulie kuwa mpaka wa usalama. Hupimwa pampu ikiwa imeshapoteza 3% ya hedi (kimo inachoweza kusukumia maji), na viputo huwa vimeanza kupasuka zamani. Mimi sikubali NPSH iliyopo iwe chini ya mara moja na nusu ya hiyo.

3. Jicho (tundu la katikati ya impela maji yanapoingilia) na pembe ya panga. Hapa ndipo tulipopoteza wiki nzima.

Tuseme pampu inapitisha mita za ujazo 100 kwa saa, inazunguka mara 2,900 kwa dakika, na jicho lina kipenyo cha milimita 100. Maji yanaingia kwa mita 3.5 kwa sekunde. Ukingo wa jicho unakimbia mita 15.2 kwa sekunde. Kutokana na kasi hizo mbili, pembe ambayo maji yanalikuta panga ni nyuzi 13. Ongeza nyuzi 2 au 3, upate pembe ya panga pale pembeni. Karibu na kitovu pembe inakua, kwa hiyo panga lazima lisokotwe. Panga lililonyooka silipendi hata kidogo.

Sasa pampu hiyohiyo ipewe mita za ujazo 50. Pembe ya maji inashuka hadi nyuzi 6.6, panga halipokei maji vizuri tena. Mwenzangu alidhani shida ni NPSH, akapanua jicho. NPSH inayohitajika ikapungua kweli, lakini vishimo vikazidi! Jicho pana huwahi kurudisha maji nyuma mtiririko ukiwa mdogo, na vimbunga vile hubeba viputo.

Kilichotufumbua macho ni kioo kidogo cha mkononi. Ukichungulia jichoni ukaona vishimo kwenye uso wa panga unaokutazama, shuku NPSH. Vikiwa upande uliofichika, ule wa presha, shuku maji yanayorudi. Vyake vilikuwa vimefichika. Tukapima mtiririko halisi kiwandani, tukapunguza jicho, tukachora pembe upya kwa mtiririko huo, si ule ulioandikwa kwenye kibati cha pampu.

4. Ukingo wa mbele wa panga uchongwe kwa umbo la duaradufu, usiwe butu. Piga msasa.

5. Madini yaje mwisho. Chuma cha kusubu huliwa upesi. Mimi huchagua chuma kisichoshika kutu chenye kromi 13% na nikeli 4%. Hustahimili zaidi, ila kwa pembe mbovu nacho kitachimbika.