Kumpa mkandarasi kazi ya kubomoa ghala kuukuu

Ghala la zamani la mazao, lenye kuta za tofali za saruji na mabati juu ya kenchi za mbao, ni kazi ya kulipia na papo hapo ni mali ya kuuza. Wenye maghala wengi wa Tanzania hupunjwa kwa kusahau hilo la pili.

Kwa hiyo anza na mali. Weka ngazi kwa ndani, usikanyage paa, kisha choma kenchi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshamaliza. Ikigoma, mbao hizo bado zina soko. Hesabu mabati mazima, milango, fremu na grili, uzipige picha.

Ukikuta paa la kijivu lenye mawimbi, nene kuliko bati na lisiloshika kutu, huenda ni asbesto. Hapo simamisha kila kitu uwaulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuiondoa na mahali pa kuitupa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, na barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi zake. Fundi anayesema "tunaivunja tu, tunafukia" mwage hapo hapo.

Ita wakandarasi watatu, kila mmoja afike eneo la kazi. Bei ya kwenye simu haina maana. Hakiki usajili wao CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, na waulize kama vibarua wao wameandikishwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, maana kuanguka kutoka juu ni jambo la kawaida katika kazi hii. Kila mmoja akupe bei mbili: mali ikibaki kwako, na akiichukua yeye. Linganisha tofauti ya bei hizo na anachotoa muuza mbao chakavu, ukikumbuka kwamba kung'oa mbao zikiwa nzima kunakula siku nyingi kuliko kubomoa hovyo.

Kifusi ndicho huzua ugomvi mkubwa. Chukua ghala la mita 12 kwa 8, kuta za mita 3 zenye unene wa sentimita 15. Kuta zikiwa zimesimama ni mita za ujazo 18. Zikivunjwa huumuka kufika kama 27. Kwa tipa la mita za ujazo 5 hizo ni safari 6, bila gebo, yaani ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kwenye paa. Sakafu ya zege ya sentimita 10 inaongeza safari 3 hivi. Mkandarasi aliyehesabu safari 4 tu atakuachia rundo uwanjani, basi mkataba utaje nani anasomba, anamwaga wapi kihalali, na msingi unang'olewa hadi kina gani.

Ulizia kibali cha kubomoa halmashauri na mjulishe mwenyekiti wa mtaa. TANESCO wakate umeme kwenye nguzo. Kuzima swichi kubwa hakutoshi. Maji nayo yafungwe. Onyesha shimo la choo la zamani lilipo, kwani tipa lililojaa hulizamisha.

Kazi ishuke kutoka juu: mabati, papi (mbao zinazopigiliwa mabati), kenchi, kisha gebo, ndipo kuta kwa mistari michache michache. Gebo likishapoteza kenchi halina kinacholishika, upepo mmoja unaliangusha. Lisilale usiku limesimama peke yake. Usiruhusu ukuta uchimbwe chini ili uanguke wenyewe, hakuna anayejua utaangukia upande gani. Watu wakae mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wa ukuta kwenda juu.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 30. Toa 40 paa likishashuka na mbao zikishapangwa na kuhesabiwa mbele yako. Iliyobaki ishike mpaka kifusi kiondoke na mtaro wa msingi ufukiwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa. Udongo uliomwagwa kwa mkupuo mmoja hutitia mvua za kwanza, na jengo jipya litapata nyufa hapo hapo.