Jinsi ya kupanga vyumba vya nyumba ya kontena ya kukunjua kabla hujalipa

Nyumba ya kontena ya kukunjua hufika imefungwa kama sanduku. Inashushwa kiwanjani, mabawa yake mawili yanafunguliwa, na kabla jua halijazama imeshasimama. Wepesi huo ndio unaowavutia watu, na ndio unaowaponza. Kwenye nyumba ya tofali, ukuta uliokaa vibaya unauona ungali kozi ya tatu na unamwambia fundi aubomoe. Hii ya kukunjua inatoka kiwandani China tundu la choo limeshatobolewa na madirisha yameshakatwa. Ulichokosea kwenye karatasi utaishi nacho. Kwa hiyo nawasihi wateja wangu wakae na penseli wiki mbili nzima kabla ya kutuma malipo.

Nitatumia mfano wa nyumba ya futi 20 kwenye kiwanja cha Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo ninayoipanga mara nyingi na ndiyo inayobana. Ukiiweza hiyo, ya futi 40 haitakusumbua.

Hatua ya 1: Tafuta vipimo vya ndani

Karatasi ya muuzaji itakuambia nyumba ikifunguliwa ni mita 5.9 kwa 6.3 hivi, yaani kama mita za mraba 37. Hivyo ni vipimo vya nje. Boksi la kati, lile lililosafiri limesimama, lina upana wa mita 2.2. Ukitoa hizo kwenye 6.3 zinabaki 4.1, kwa hiyo kila bawa lina mita 2.05. Sasa toa ukuta wa nje, ambao kwa paneli ya kawaida ni sentimita 7.5, kisha toa sentimita 5 za ukuta wa kugawa kati ya bawa na boksi. Chumba chako kimebaki na upana wa mita 1.92.

Sentimita hizo 13 zimeshanitia aibu. Nilimpangia mama mmoja wa Kigamboni chumba cha kulala kwenye bawa kwa kutumia 2.05. Alikuwa na kitanda cha mninga cha 6 kwa 6, cha tangu harusi yake. Godoro la 6 kwa 6 lina mita 1.83, nikaona linaingia na nafasi inabaki. Sikukipima kitanda chenyewe. Pamoja na mbao za ubavuni kilikuwa mita 1.95, na chumba kilikuwa 1.92. Ilibidi seremala akipunguze mbao za pande zote mbili huku mama amesimama mlangoni kimya, ameshika shuka mkononi. Tangu siku hiyo sichori chumba kabla sijakwenda na tepu nyumbani kwa mteja nikapima vitu vyake kimoja kimoja: kitanda, kabati, friji, makochi, cherehani.

Vipimo vya paneli hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo muulize muuzaji wako unene wa kuta zake na ufanye hesabu hiyo mwenyewe. Muulize pia urefu wa dari. Nyumba nyingi za aina hii hazifiki mita 2.5 kwa nje, na pale boksi linapokutana na bawa hupita boriti ya chuma inayoshuka chini zaidi ya dari. Feni ya darini humu ni hatari, weka za ukutani.

Hatua ya 2: Jua na upepo kwanza, vyumba baadaye

Nyumba ya futi 20 ikifunguliwa inakaribia kuwa mraba, kwa hiyo si rahisi kuona kwa macho ubavu upi uelekee wapi. Kwa pwani yetu mimi hulaza boksi la kati mashariki-magharibi, bawa moja likabaki kaskazini na jingine kusini. Sababu ni hii. Desemba hadi Machi, joto likiwa kali, jua la mchana wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hupita kusini mwa utosi, hivyo ukuta wa kusini ndio unaopigwa. Miezi hiyohiyo upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki. Bawa la kaskazini basi linapata kivuli na upepo wakati ule hasa unapovihitaji, na humo ndimo ninapoweka vyumba vya kulala. Sebule inakwenda kusini, na mbele yake baraza la kuikinga. Kusi likianza kuvuma baada ya masika, sebule nayo inapata zamu yake.

Ukuta wa magharibi usiukate dirisha kubwa. Paneli hizi ni mabati mawili membamba yenye povu katikati; jua la saa kumi likizipiga, chumba kinabaki na joto hadi usiku. Upande huo weka bafu.

Hatua ya 3: Weka maji kwenye boksi la kati

Mabawa yana sakafu inayokunjwa, na bomba haliwezi kukunjwa pamoja nayo. Bafu, choo na sinki la jikoni vinafungwa kiwandani ndani ya boksi la kati, na vingine vyote vinavifuata. Kuna wateja wanaoniomba choo cha pili kwenye bawa. Kinawezekana baada ya kufungua, kwa kutoboa sakafu na kupitisha mabomba upya, ila umeondoka kwenye faida uliyoinunua na umefungua mlango wa uvujaji. Kwa nyumba ya futi 20 nakataa.

Katika mfano wetu bafu linakaa mwisho wa magharibi wa boksi, mita 1.4 kwa upana wote wa boksi. Meza ya jikoni yenye sinki inaegemea ukuta huohuo wa bafu kwa upande wa pili, ili mabomba yote yapite pamoja. Meza inachukua sentimita 60.

Mambo mawili kuhusu choo yaulizwe mapema. La kwanza ni kibla, kwa sababu familia nyingi hazipendi mtu akae chooni akiwa ameielekea au ameipa mgongo. Kutoka Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo bakuli la choo likiegemea ukuta wa magharibi mtu ataelekea mashariki na hakuna ubishi. La pili ni mteremko wa bomba. Bomba la choo linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Shimo likiwa mita 10 kutoka nyumbani, bomba litashuka sentimita 25. Hapo ndipo unapojua shimo lichimbwe wapi na nguzo za msingi ziwe na kimo gani. Mimi huinua nyumba sentimita 50 hivi, fundi bomba apate pa kuingiza mkono na maji ya mvua yapite chini.

Hatua ya 4: Gawa bawa la kulala kwa kufuata vitanda

Urefu wa ndani wa bawa ni mita 5.75. Mkono wa mtu yeyote utataka kulikata katikati na kupata vyumba viwili vya mita 2.85. Angalia kinachotokea kwenye mlango. Bafu limekula 1.4, ukuta wake sentimita 5, meza ya jikoni 0.6, jumla ni 2.05 kutoka ukuta wa magharibi. Chumba cha magharibi kinaishia 2.85. Nafasi iliyobaki ya mlango ni sentimita 80 kamili, bila fremu, na mtu anayepika atakuwa amesimama papo hapo.

Sogeza ukuta wa kugawa. Chumba cha magharibi kipe mita 3.2, cha mashariki mita 2.5. Kitanda cha 5 kwa 6 chenye mbao za kawaida kina kama 1.62 kwa 1.95. Kichwa kikiegemea ukuta wa magharibi, miguuni zinabaki mita 1.25. Weka kabati la upana wa mita moja kwenye pembe ya mbali na mlango, na mtu anaingia bila kujipenyeza. Chumba cha mita 2.5 kinapokea kitanda cha 4 kwa 6 au cha ghorofa cha watoto, na meza ndogo.

Milango yote miwili iwe ya kusukuma pembeni. Mlango wa kufungua kwa bawaba unakula karibu nusu mita ya mraba kila upande unakoelekea, na humu huna nusu mita ya mraba ya kutupa.

Wanaosisitiza 6 kwa 6 nawaambia ukweli: ukuta kati ya bawa na boksi itabidi usogee ndani ya boksi la kati sentimita 40, paneli ikatwe kuikwepa boriti, na bafu na jikoni vipungue. Familia ya watu wanne kwenye futi 20 ni kubanana, sisemi vingine. Kama uwezo upo, chukua ya futi 40, ambayo bafu linaweza kukaa katikati na chumba cha wazazi kikawa mbali na cha watoto.

Hatua ya 5: Chora kwa kadiri, kisha chora ardhini

Tumia kipimo cha 1 kwa 50, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni mita 1 ya kweli. Nyumba yako itakuwa sentimita 11.8 kwa 12.6 na itatosha kwenye karatasi ya A4. Kata vipande vya boksi gumu kwa kipimo hichohicho viwe kitanda, kabati, friji na makochi, uvisogeze mpaka uridhike.

Halafu nenda kiwanjani na vigingi vya miti, kamba na chokaa. Piga mistari ya kuta zote kwa ukubwa wake halisi. Mwambie kila atakayeishi humo aingie kwa kupitia milango tu, bila kuruka kamba. Anayepika asimame kwenye meza ya jikoni huku mwingine anatoka bafuni na wa tatu anafungua friji. Bibi mmoja aliingia kwenye mistari na fimbo yake, akageuka mara mbili mbele ya choo, akaniambia, “Mwanangu, hapa nitaanguka.” Tuliongeza bafu sentimita 20 kwa kalamu. Baada ya kiwanda kukata paneli tusingeweza.

Hatua ya 6: Madirisha, umeme na moto

Dirisha la kusukuma pembeni linafunguka nusu tu, hata likiwa pana. Omba yale yanayofunguka kama mlango, yenye wavu wa mbu kwa ndani. Yapange yakabiliane, la sebuleni na la chumbani, na juu ya milango ya vyumba acha uwazi wenye mbao za kupitisha upepo, la sivyo ukuta wa kugawa utauzuia.

Umeme mzito uwe kwenye boksi la kati au ukutani mwake: friji, hita ya maji, pasi. Nyaya za mabawani ni za kuunganishwa baada ya kufungua na zinafaa taa, feni na kuchaji simu. Andika waziwazi kwamba unataka soketi za pini tatu kama za kwetu.

Mkaa usiwake ndani ya nyumba hii kamwe. Imezibwa vizuri mno, hewa ya sumu haina pa kutokea, na povu la kwenye kuta nyingi linashika moto. Ndiyo maana mfano wetu una mlango wa pili mwisho wa mashariki wa boksi: unatoka jikoni moja kwa moja uani, kwenye jiko la mkaa chini ya banda. Mtungi wa gesi nao ukae nje, mpira wake upite kwenye tundu lililozungushiwa kinga.

Hatua ya 7: Baraza na paa la pili ni sehemu ya ramani

Nyumba isiyo na baraza itawajaza wageni wote sebuleni kwenye upana wa mita 1.92. Chora baraza la kusini tangu mwanzo, angalau mita 2. Na ukiweza, lipe paa la bati linalopita juu ya nyumba nzima, likiacha uwazi wa sentimita 40 hivi wa hewa kupita. Linapunguza joto kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na linakinga maungio ya mabawa ambayo masika huyatafuta. Nguzo zake zisimame kwenye misingi yake ardhini, zisiguse mabawa. Tangi la maji vilevile: lita 1,000 ni tani nzima, na halikai juu ya nyumba hii.

Kwenye mchoro onyesha pia nguzo za zege chini ya boksi na chini ya ukingo wa nje wa kila bawa. Bawa lisilo na nguzo ukingoni litainama, na milango ya kusukuma itaanza kujifungua yenyewe. Mchoro huohuo utauhitaji halmashauri unapoomba kibali cha ujenzi, maana nyumba kuja imekunjwa hakuondoi kibali.

Hatua ya 8: Tuma mchoro usioweza kusomwa vibaya

Usiandike “mlango upande wa kushoto.” Kushoto kwa aliye ndani ni kulia kwa aliye nje, na anayesoma yuko bara jingine. Andika kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwenye kila ukuta, weka mshale, na andika kila umbali kuanzia pembe moja ileile ya boksi. Kiwanda kitakurudishia mchoro wao. Upime upya kwa rula, namba kwa namba, hasa tundu la choo na upana wa milango, kisha omba picha ya sakafu ya boksi ikiwa na tepu juu yake kabla hawajaikunja nyumba. Malipo ya mwisho yatoke baada ya picha hiyo.