Somo: Kumtafuta babu katika mafaili ya serikali, ukianzia Lamu

Hapakosi mtu wa kuniuliza, "Maalim, faili la babu yangu nitalipataje Nairobi?" Faili la babu yako halipo. Hakuna karani aliyemfungulia faili kwa jina lake, ila kama alikuwa mkubwa wa serikali kama liwali au mudiri, au mtu aliyewasumbua Waingereza hata wakachoka naye. Kilichopo ni faili la ofisi: ya DC (mkuu wa wilaya) wa Lamu, ya PC (mkuu wa mkoa) kule Mombasa, ya ardhi, ya mahakama. Babu yumo ndani, katikati ya orodha ya kodi ya kibanda au kwenye barua ya malalamiko ya minazi. Basi swali la kuuliza ni hili: jambo lake lilipita mikononi mwa nani, na mwaka gani?

Hatua ya kwanza: anza na wazee na kasha la nyumbani

Kabla ya kutoa nauli ya Nairobi, kaa na shangazi na ami zako. Andika jina zima la babu, fulani bin fulani bin fulani, na lakabu yake kama alikuwa nayo, kwa sababu makarani waliandika walilolisikia. Andika mtaa wake, Mkomani au Langoni, na shamba lilikokuwa: Manda, Hindi, Mkunumbi. Kisha omba kasha lifunguliwe. Risiti yenye muhuri wa serikali, hata iliyoliwa na mchwa nusu, ina thamani kuliko saa nzima ya masimulizi, maana juu yake pana jina la ofisi na tarehe.

Tarehe ikiwa ya hijria, igeuze, lakini usiigeuze kwa kukisia. Mwaka 1325 ulianza Februari 1907 ukaingia hadi mwanzo wa 1908, kwa hivyo hati moja ya 1325 inaweza kuwa ya mwaka huu au ule wa miladi. Ikiwa hakuna tarehe kabisa, tazama fedha. Rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya serikali hadi 1920, na shilingi ikaja muda mfupi baadaye.

Hatua ya pili: jua nani alikuwa akitawala

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pwani yetu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Witu ilikuwa chini ya Wajerumani tangu 1885 hadi 1890, walipoiachia Uingereza. Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao ya Afrika Mashariki wakaigawa mikoa. Lamu ikawa makao ya mkoa wa Tanaland. Malindi ikawekwa mkoa wa Seyidie, uliokuwa na makao Mombasa. Mkoa mmoja wa Pwani ulikuja baadaye. Kwa hivyo mtu wa Lamu anayetafuta habari za 1910 chini ya "Pwani" peke yake ataambiwa hakuna kitu, naye ataamini.

Pia kumbuka kwamba hadi 1905 himaya hii ilisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kisha ikahamishiwa Wizara ya Makoloni. Barua za kabla na baada ya hapo ziko kwenye makundi mawili tofauti kule London. Na Kenya ilipofanywa koloni 1920, ule ukanda wa Pwani wa maili kumi haukuingizwa, maana ulikuwa bado wa Sultani kwa jina, na ukabaki hivyo hadi 1963. Ndiyo sababu karatasi zetu zimetawanyika kuliko za watu wa bara.

Hatua ya tatu: pekua Gazeti Rasmi ukiwa nyumbani

Gazeti Rasmi la Serikali lilianza kutoka 1899, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti. Humo mna notisi za mirathi, uteuzi wa makadhi na maliwali, na matangazo ya ardhi. Tafuta kwa simu, lakini usitafute kwa tahajia yetu pekee. Pate imeandikwa Patta, Siyu ni Siu, Shela ni Shella, na Malindi wakati mwingine ni Melindi. Mohamed pekee ana sura zisizohesabika. Jaribu jina la baba badala ya la mtu mwenyewe. Mara nyingi ndilo linaloitika.

Hatua ya nne: nenda Nairobi na orodha mkononi

Jumba la Nyaraka za Kitaifa halipotezi mtu: liko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la National Bank of India, na nusu ya Nairobi hupeana miadi mbele yake. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Utazame ukitoka, si ukiingia, la sivyo asubuhi itakwisha. Chukua kitambulisho, jiandikishe, lipia, na beba penseli.

Usianze kwa kuagiza faili. Anza na vitabu vya orodha. Kila faili lina alama inayoonyesha ofisi iliyolitoa. Yale ya mkuu wa mkoa wetu huanza na PC/COAST. Nakili alama nzima, na mikwaju yake yote, kwa sababu mkwaju mmoja ukikosea unaletewa habari za mifugo ya Turkana.

Kwa anayeanza, namshauri aagize aina tatu. Ripoti ya mwaka ya wilaya ni kavu, ila inakupa ratiba ya matukio. Daftari la siasa la wilaya lina majina ya wazee, mababu zao, na ugomvi wa mipaka. Ya tatu ndiyo tamu: ripoti ya kukabidhiana ofisi. DC anayeondoka anamwandikia anayeingia nani wa kumwamini, nani mlalamishi, kesi gani aikwepe. Utaona karatasi nyembamba ya kopi, herufi zimefifia kuwa zambarau, na pembeni mkuu ametia neno lake kwa wino. Isome taratibu. Akiandika kwamba mzee fulani ni "mkorofi", uliza mzee huyo alikuwa akikataa nini. Mara nyingi alikuwa akikataa kunyang'anywa kitu.

Hatua ya tano: usipolipata, fuata nakala

Makao ya serikali ya kikoloni Nairobi yaliungua 1939 na karatasi nyingi zikateketea. Usikate tamaa mapema. DC aliandika barua akabaki na nakala, PC akapokea ya kwake, na makao makuu yakapokea yao. Iliyoungua Nairobi huenda ilibaki kwenye makabati ya Mombasa. Kwa mambo ya kabla ya 1895, elekea Zanzibar, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako ziko karatasi za utawala wa Sultani na za ubalozi wa Uingereza.

Maswali ya wanachama

Binti wa Langoni: Maalim, shikamoo. Tumepata hati ya nyumba ya bibi, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kaka anataka kuitia plastiki isiharibike. Tufanye?

Marahaba, mwanangu. Mkataze kaka leo hii. Ule moto wa plastiki unaiunguza, na haitoki tena. Ipigeni picha mchana, penye mwangaza lakini si kwenye jua kali, mbele na nyuma, kisha iwekwe bapa ndani ya bahasha, mbali na unyevu. Halafu mpeni mtu anayesoma khati za zamani. Huenda ni Kiarabu, huenda ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Ikitaja ndoa au talaka, ulizeni mahakama ya Kadhi, maana ndoa za Kiislamu zilianza kuandikishwa kwa sheria ya 1906.

Mzee wa Faza: Sisi wa kisiwani tulilima bara tangu enzi za mababu. Tukaambiwa ni ardhi ya serikali. Yameandikwa wapi hayo?

Mzee wangu, chanzo chake ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila mwenye shamba Pwani alitakiwa aje adai, aoneshe ushahidi, apewe cheti. Isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya serikali ya Mwingereza. Wengi hawakusikia, wengine hawakuona haja ya kudai kilicho chao, na kazi yenyewe haikufika kila mahali. Tafuta mambo mawili: madai yaliyosajiliwa, katika ofisi ya ardhi Mombasa, na barua za DC kuhusu eneo lenu, katika PC/COAST. Hata pale ambapo hakuna cheti, barua ya DC inayosema "watu wa Faza wanalima hapa" ni ushahidi kwamba mlikuwako.

Kijana wa Malindi: Naandika kuhusu Wagiriama waliowapinga Waingereza 1914. Mafaili yanasema ukweli?

Yanasema ukweli wa walioandika. Utakutana na Arthur Champion, ofisa aliyepelekwa kwa Wagiriama, na Charles Hobley, mkuu wa mkoa. Watakueleza kwa kirefu namna walivyomhamisha Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama, hadi Kisii na namna Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ilivyolipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Yasome yote, kisha nenda kwa wazee wa kaya. Mahali ambapo faili linanyamaza ghafla, au kurasa zinaruka namba, paandike pia kwenye daftari lako.

Asiyetaka jina: Bibi mzaa bibi alikuwa mtumwa wa shamba. Nyumbani hatuzungumzi. Nitampata?

Inawezekana, na si aibu yako. Utumwa ulifutwa kisheria huku kwetu 1907, na mabwana wakapewa nafasi ya kudai fidia mbele ya maofisa wa serikali. Anza na karatasi za madai hayo, ukimtafuta kwa jina la bwana wake, kwa sababu yeye huenda ameandikwa kwa jina moja tu, kama Zafarani au Faida, bila la baba. Kwa mambo ya kabla ya hapo, tazama Zanzibar. Ukimpata, huna lazima ya kumwambia mtu.

Ndugu aliye ng'ambo: Niko Uingereza. Lazima nije Nairobi?

Si lazima uanzie huku. Uko karibu na Kew, London, zilipo Nyaraka za Taifa za Uingereza. Agiza CO 533, barua za Kenya kwa Wizara ya Makoloni, na kwa mambo ya utumwa ya zamani FO 84. Usisahau FCO 141: hayo ni mafaili yaliyosafirishwa kimyakimya wakati wa uhuru, yakafichwa, na kukiriwa 2011 wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza. Pia Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, walipiga filamu ripoti nyingi za mikoa na wilaya zetu miaka ya sitini.

Mama wa Kiunga: Na ya wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini, tulipohama?

Kanuni ni kwamba faili hufunguliwa baada ya miaka thelathini, nayo imekwisha pita. Lakini mambo ya usalama hufunguliwa kwa shingo upande. Omba faili kwa alama yake, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi.

Mzee wa Faza, tena: Nikipiga picha kwa simu, hakimu ataipokea?

Usimpelekee hiyo. Simu ni ya kusomea nyumbani. Kwa kesi, omba nakala iliyothibitishwa na Mkurugenzi wa Nyaraka, yenye muhuri. Taja alama ya faili na namba ya ukurasa, na uombe pia ukurasa wa jalada lenye tarehe, kwa sababu wakili wa upande wa pili ataanza hapo.